Hesabu ya Rola

Kabla hakijawa na geti, bango na mlinzi wa kuwauliza watu wanakwenda wapi, kiwanda kile cha dobi kilikuwa makarai mawili uani na mwanamke mmoja mwenye mdomo. Ndiye huyo ambaye baadaye kila mtu alimwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri. Alifiwa na mama akiwa bado msichana, akaachiwa mdogo wake wa kiume amlee, naye akamlea kwa mikono yake: asubuhi inafua nguo za watu, jioni inapika, na katikati ya kufua na kupika inamchapa yule mtoto kila alipotoroka shule. Mume alimpata, lakini mume alikwenda mji mwingine kutafuta maisha, akayapata, tena kwa mwanamke mwingine.

"Heri," alisema Dada Mkubwa siku alipoletewa habari. "Mashati yake yalikuwa na jasho la uvivu, halitoki hata kwa maji ya moto."

Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akakaa humo mpaka macho yalipokauka. Alipotoka aliendelea kufua.

Mdogo wake hakupenda kufua hata kidogo, ila kichwa alikuwa nacho. Alipopata akili za utu uzima alianza kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumtazama dada yake anavyofanya kazi, halafu anasema jambo. Siku moja akasema, "Dada, achana na suruali za watu. Suruali ina mifuko, ina zipu, ina mwenyewe wa kulalamika. Tufue mashuka ya nyumba za wageni. Mashuka yote ni sawa, mkono unazoea, na hayalalamiki."

Dada Mkubwa alicheka, lakini alijaribu, na ikawa kweli. Kwa sabuni ileile na maji yaleyale wakawa wanatoa kazi maradufu. Yule kijana akatafuta nyumba za wageni, akatafuta mashine ya kwanza, iliyokuwa ikiruka sakafuni kama mbuzi aliyefungwa kamba, akatafuta jengo. Miaka ikapita, akawa Bosi, akaoa, akapata kiti kinachozunguka. Dada Mkubwa akapewa chumba cha pasi akisimamie. Hakuna aliyeona vibaya. Yeye mwenyewe alijisifu kwa majirani: "Yule mtoto nilimfuta kamasi mimi. Leo anasaini."

Chumba cha pasi kilikuwa ukumbi mrefu wenye madirisha makubwa, meza zimepangwa safu kwa safu, kila moja imevalishwa blanketi kuukuu na kitambaa cheupe juu yake. Nyaya za pasi zilining'inia kutoka darini. Wanawake walisimama wawili wawili, mmoja anavuta pembe za shuka, mwenzake anapiga, kisha wanakutana kulikunja kama watu wanaosalimiana. Mvuke ulijaa mpaka kufika adhuhuri ukuta unatoka jasho. Na maneno! Humo ndani ndoa zilifungwa na kuvunjwa kabla ya chakula cha mchana. Aliyenyamaza alikuwa mmoja tu, binti mwembamba mwenye mtoto mchanga, ambaye wenzake walimwita Kimya. Ukimsalimia anatabasamu, ukimtania anatabasamu, ukimkosea anaangalia pasi yake.

Dada Mkubwa aliwagombeza wote kwa usawa. Mkunjo ukipinda kidogo utamsikia kutoka mlangoni: "Nani kalala na shuka hili? Lirudi!" Walimwogopa, wakampenda, wakamwigiza sauti akitoka nje.

Ndipo mambo yalipoanza kukaza. Umeme ulipanda, sabuni ikapanda, na nyumba za wageni zikakataa kuongeza hata senti kwa sababu upande wa pili wa mji palikuwa na dobi mwingine aliyefua kwa bei ya chini. Bosi akaanza kukonda. Suruali zikamlegea. Mwishowe akamleta Mshauri.

Watu walitegemea mzee wa suti. Akaja binti mpole aliyevaa viatu vya chini, mwenye adabu, anayetoa shikamoo mpaka kwa mlinzi. Alizunguka kila kona, akauliza, akasikiliza, akashika hata pasi mwenyewe na kuunguza pindo la shuka, wakacheka naye. Dada Mkubwa alimtafutia kosa wala hakuliona.

Akaitwa ofisini. Bosi alikuwa kwenye kiti chake, hazunguki.

"Mama," alianza Mshauri, "shuka lililonyooka linaweza kupatikana kwa njia nyingi. Mnaweza kuwa na mikono mingi na mashine ndogo, au mashine kubwa na mikono michache. Mteja hajui na hajali, yeye anataka shuka lake. Kazi ya kampuni ni kutafuta njia ile inayokula hela kidogo kuliko zote."

"Na mikono hapo ni nini?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Ni gharama, Mama. Kama umeme. Kama sabuni."

"Kama sabuni."

"Kwenye hesabu tu, Mama."

Binti akaendelea kwa sauti ileile ya upole. Akasema, chukua hela kidogo uiweke kwenye mikono, utazame imekuongezea mashuka mangapi. Chukua hela hiyohiyo uiweke kwenye mashine, utazame. Kama upande wa mashine unazaa zaidi, toa hela kwenye mikono uhamishie kule, na uendelee kuhamisha mpaka pande mbili zizae sawasawa. Hapo ndipo pa kusimama. Kwa bei za sasa, alisema, pasi za mkono zilikuwa nyingi mno. Kuna mashine inaitwa rola. Shuka linaingia bichi linatoka limenyooka.

Dada Mkubwa alikwenda pale amejiandaa kusikia upuuzi. Kilichomchemsha damu ni kwamba haukuwa upuuzi. Yeye mwenyewe, enzi za makarai, sabuni ilipokuwa ghali aliloweka nguo usiku kucha na kusugua mpaka mabega yakalia. Sabuni ikishuka bei, aliimwaga na kuyapumzisha mabega. Ilikuwa hesabu ileile. Tofauti ilikuwa kwamba mabega yalikuwa yake. Uongo angeujibu palepale, lakini kweli ilimkaa kooni kama mfupa.

"Nani atawaambia?" aliuliza.

Bosi akaangalia meza. "Nilifikiri wewe, Dada. Wewe wanakusikiliza."

"Wewe mtoto!" Kiti kilisukumwa, kikaanguka. "Mdomo wa kununua rola unao, wa kuwatazama watu usoni huna? Utawaambia mwenyewe! Na utawaambia umesimama!"

Aliwaambia mwenyewe, amesimama, jasho linamtoka. Haki zao aliwalipa, hilo hakuwadhulumu. Zaidi ya nusu ya wanawake wakavua aproni, wakazikunja vizuri kwa mazoea, wakaziweka juu ya meza zao na kutoka. Mmoja alimkumbatia Dada Mkubwa. Mwingine alimpita kama anapita nguzo.

Rola ikaletwa kwa lori, ikaingizwa kwa kubomoa dirisha. Ilikuwa mitungi miwili mirefu ya chuma, yenye moto, inayozunguka ikigusana. Mbele yake palikuwa na fimbo ya chuma iliyolala kutoka ncha hadi ncha. Hiyo waliiita kinga. Mkono ukiigusa, mashine nzima inasimama papo hapo. Kimya na mwenzake wakawekwa mbele kulisha mashuka, wengine wakawekwa nyuma kukunja.

Haki isemwe, rola ilifanya kazi. Shuka lilitoka limenyooka, bado la moto, na wanawake waliobaki wakawa hawaungui vidole kwa pasi tena. Dada Mkubwa aliitazama siku ya kwanza akiwa amefunga mikono kifuani, akasema tu, "Haya." Kwa waliomjua, hiyo ilikuwa sifa.

Ila rola ilikuwa na njaa. Bosi aligundua jambo ambalo lilimkosesha usingizi kwa namna mpya: mashine ile ilimgharimu kiasi kilekile, ipitishe shuka moja au mlima wa mashuka. Mashuka yakiwa machache, kila moja linabeba mzigo mkubwa wa gharama. Yakiwa mengi, yanagawana mzigo, na kila moja linakuwa jepesi. "Dada, kila shuka tunaloongeza linashusha bei ya mengine yote!" alisema, macho yanang'aa kama ya zamani pale juu ya ndoo. Akakimbizana huku na huko mpaka akapata kazi ya hospitali kubwa. Gari likaanza kumwaga marobota ya mashuka mazito ya wodini, asubuhi na mchana.

Mashuka hayo ndiyo yaliyoleta balaa. Yalikuwa mazito, yanajikunja mdomoni mwa rola, mpaka mlishaji ayasogelee na kuyasukuma. Akisukuma anagusa kinga. Akigusa, mashine inasimama, inapoa, inasubiriwa ipate moto tena. Bosi alikuwa akisikia ule ukimya kutoka ofisini, anatoka mbio. "Nini tena?" Kinga. "Nini tena?" Kinga. Mshauri wakati huo alikwishamaliza kazi yake na kwenda zake, na katika yote aliyoyasema hakuwa amesema lolote juu ya kinga. Bosi akajishauri mwenyewe.

Asubuhi moja Dada Mkubwa aliingia akaikuta ile fimbo ya chuma imeegeshwa ukutani, nyuma ya mafagio.

Alimkuta mdogo wake uani, anahesabu marobota.

"Nani kaitoa kinga?"

"Nimemwambia Fundi wetu wa mashine aitoe. Kwa muda tu, Dada, mpaka tumalize mrundikano huu."

"Irudishe."

"Kila ikisimama tunapoteza."

"Tunapoteza nini?"

"Muda! Moto! Hospitali wanataka mashuka yao, na mimi nimetia saini. Wawe waangalifu tu. Kwani kwenye pasi walikuwa hawaungui?"

"Pasi mtu anaishika," alisema Dada Mkubwa, na sauti yake ikapanda mpaka dereva wa lori akateremka kutazama. "Pasi mtu anaishika, mjinga wewe! Hii ndiyo inamshika mtu!"

"Dada, usinitukane mbele ya wafanyakazi wangu."

"Wafanyakazi wako! Nilikuogesha mimi!"

Akarudi ndani, akawaambia wanawake wakae chini, hakuna shuka linaloingia mle mpaka kinga irudi. Walikaa. Bosi akaja mlangoni, hakupiga kelele. Alisema kwa utaratibu kwamba kazi ya hospitali ikiondoka, rola haitajilipa, na rola isipojilipa atalazimika kupunguza watu tena. Akaondoka. Wanawake wakatazamana. Yule mwenye watoto wengi kuliko wote akainuka kwanza. "Dada Mkubwa, tuache tufanye kazi. Tutamwaga unga sote hapa." Wakainuka mmoja mmoja. Kimya naye akainuka, akatabasamu kama anayeomba radhi, akashika pembe ya shuka.

Dada Mkubwa akameza hasira yake nzimanzima, na ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Kuanzia siku hiyo alisimama nyuma ya walishaji akipiga kelele, "Vidole! Vidole!" asubuhi hadi jioni, mpaka sauti ikakauka na usiku akawa anazungumza kwa mikwaruzo.

Ilitokea mchana, baada ya chakula, joto likiwa limesimama ndani kama mtu. Wifi yake, mke wa Bosi, aliyekuwa mapokezi, alimwita aje asuluhishe ugomvi na mwenye nyumba ya wageni aliyedai shuka lake limerudi na doa. Dada Mkubwa alikuwa analishika lile shuka kuelekea kwenye mwanga, anamwambia yule bwana kwamba doa lile ni la rangi ya kucha na aende akamwulize mgeni wake, ndipo alipoisikia sauti. Hakuitambua. Hakuna aliyeitambua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia Kimya akipiga kelele.

Alipofika, yule aliyelisha rola pamoja na Kimya alikwishakimbilia swichi kuu, rola imesimama, na shuka lililokuwa jeupe halikuwa jeupe tena. Kimya alikuwa amepiga magoti, mkono wake wa kulia umeinuliwa kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali. Dada Mkubwa alivua aproni yake akaufunga. Alikuwa anatukana. Walioshuhudia walisema alitukana njia nzima, ndani ya gari la mashuka lililowapeleka hospitali, alimtukana dereva, akaitukana barabara, akautukana mvuke, huku amemshika yule binti kifuani kama mtoto. Hospitali walimlaza juu ya shuka ambalo Dada Mkubwa alilitambua kwa mkunjo wake.

Vidole vitatu havikurudi.

Jumapili mchana mdogo wake alimjia nyumbani. Alisimama katikati ya sebule, kofia mkononi, hakukaribishwa kiti.

"Kesho anakuja mkaguzi," alisema. "Kinga tumeirudisha siku ileile. Fundi atasema ilikuwepo. Nakuomba na wewe useme ilikuwepo, na kwamba yule binti aliinama akaingiza mkono kwa juu yake. Nitamtunza, Dada. Nakuapia kwa kaburi la mama. Lakini wakijua iliondolewa, bima hawalipi, wanatufunga, hospitali inaondoka. Hebu piga hesabu mwenyewe. Ni wangapi watakosa kazi kwa ajili ya..."

"Malizia."

Mdogo wake akaigeuzageuza kofia.

"Kwa ajili ya mkono mmoja," Dada Mkubwa alimmalizia. "Hebu niambie, kwenye hesabu zako mkono ule umeuandika wapi? Kwenye umeme au kwenye sabuni?"

"Unanisema kama mimi mnyama. Mimi damu yako!"

"Ndiyo maana nakusikiliza ukiwa umesimama. Angekuwa mwingine ningemsikiliza akiwa chini."

Alilia. Mtu mzima, mwenye kiti kinachozunguka, alilia katikati ya sebule, na Dada Mkubwa aliona uso wa yule mtoto aliyetoroka shule. Hapo ndipo hasira ilipomzidi, kwa sababu alitaka kumfuta machozi na hakutaka mkono wake umguse. Akafungua mlango akausimamia mpaka alipotoka.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene aliyechoka, anajipepea kwa kofia. Aliwauliza mmoja mmoja mbele ya rola. Fundi alisema kinga ilikuwepo. Wanawake waliangalia sakafu, wakasema hawakuona vizuri. Bosi alikuwa amesimama karibu na dirisha lililobomolewa na kuzibwa upya, anamtazama dada yake.

"Ilitolewa," alisema Dada Mkubwa. "Niliiona kwa macho yangu imeegeshwa pale, nyuma ya mafagio. Aliyeamuru ni huyu mdogo wangu. Na mimi nilijua, nikaendelea kuwasimamia."

Mkaguzi akaacha kujipepea.

Kiwanda kikafungwa kwa minyororo. Mbele ya geti wanawake walikusanyika, na Dada Mkubwa alipotoka hawakumpisha. Yule mwenye watoto wengi alimsogelea karibu kabisa. "Umefurahi? Wewe umesema ukweli wako, moyo umetua. Sisi tukale ukweli wako?"

"Sikutaka mkose kazi."

"Na yeye hakutaka Kimya akose vidole. Sasa?"

Dada Mkubwa akajipenyeza katikati yao. Alikwenda nyumbani kwa miguu, amefura, amemkasirikia yule mwanamke, na kila alipofika kona alimkuta hana kosa. Alipofika aliufungua mlango, akaufunga kwa nguvu, akaufungua, akaufunga tena.

Kimya alipotoka hospitali, Dada Mkubwa alikwenda kumwona. Alikuwa akiishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Alimkuta anajaribu kumvalisha mtoto kwa mkono wa kushoto na meno, mkono wa kulia umefungwa bandeji kubwa kama kichwa. Dada Mkubwa akanyoosha mikono apokee.

"Usinisaidie."

Ilikuwa sauti ndogo, lakini ilikuwa sauti. Dada Mkubwa akarudisha mikono.

"Nilisikia umesema mbele ya mkaguzi," Kimya alisema, hamwangalii, anapambana na kifungo. "Asante. Lakini ulijua. Siku zote ulikuwa nyuma yetu unapiga kelele, 'Vidole, vidole!' Mimi nilikuwa najiambia, huyu ni dada wa Bosi, siku moja atachoka kupiga kelele ataizima mwenyewe. Swichi ulikuwa unaijua ilipo. Kelele zako hazikuwa kinga, Dada Mkubwa."

Katika maisha yake mwanamke yule aliwahi kujibizana na mume, wapangaji, madereva, wenye nyumba za wageni na mdogo wake. Siku hiyo alizungusha macho chumbani. Aliona nguo za mtoto zimerundikwa kwenye beseni, akalibeba akatoka nalo uani, akafua. Kimya alimtazama kupitia mlango, uso umekunjamana, hakumzuia, hakumshukuru. Akarudi tena kesho yake, na keshokutwa. Walikuwa hawazungumzi. Nguo zilikuwa zinafuliwa.

Mdogo wake hakuonekana muda mrefu. Habari zake zilifika kwa wifi: amelipishwa faini, ameamriwa amlipe Kimya fidia, bima wamekubali kumchukua tena kwa bei ya juu, na ameruhusiwa kufungua kwa sharti kinga isitolewe tena. Kisha siku moja akaja mwenyewe, amenyoa, shati limenyooshwa. Alikuwa karibu kuchangamka.

"Dada, nimepiga hesabu upya. Rola ikiwa na kinga, kwa mashuka mazito, ni polepole mno. Ukijumlisha bima, ukijumlisha fidia, haifai tena. Pasi za mkono zinashinda. Nimeiuza. Ya hospitali nimeyaacha, tunarudi kwenye nyumba za wageni tu, kidogo lakini inalipa. Nawaita wanawake wote warudi, hata wale wa mwanzo. Na wewe."

Dada Mkubwa alikuwa anapangusa meza. Akaendelea kupangusa mahali palepale.

"Nilidhani umekuja kusema samahani."

"Nimekuja kusema kazi ipo."

"Kwa hiyo mkono wa yule binti sasa umepata bei. Zamani ulikuwa wa bure, ukautumia. Umekuwa ghali, umeuacha."

"Siyo hivyo, Dada."

"Ni hivyohivyo! Na umeme ukishuka kesho, utarudisha rola?"

Alikuwa na kila sababu ya kusema hapana. Angemdanganya tu, mambo yangeisha. Lakini dada yake alimfundisha kutodanganya, kwa fimbo, na somo lile lilikuwa limeingia nusu.

"Ikibidi," alisema.

Kitambaa kilichokuwa na maji ya meza kilimpata usoni. Cha pili, kilichokuwa kwenye ndoo, kilimpata mgongoni akiwa tayari mlangoni. Jirani aliyekuwa dirishani alicheka mpaka akakohoa. Dada Mkubwa hakucheka. Alikaa chini. Ingekuwa rahisi kama angejua kwamba mdogo wake ana roho mbaya. Mtu wa roho mbaya unamwacha, unakwenda zako. Huyu alikuwa hana roho mbaya. Alikuwa anahesabu tu, na kila kilichokuwa hakina bei hakukiona, mpaka mtu amlazimishe akilipie.

Basi akakata shauri kumlazimisha.

Siku ya kufungua alikwenda. Wanawake walikuwa wamerudi, wa mwanzo na wa mwisho, wengine bado wamemnunia. Meza zilitandikwa blanketi, pasi zikashika moto, marobota ya nyumba za wageni yakafunguliwa. Bosi akaingia kutoa hotuba. Alipofika kwenye "tusahau yaliyopita", Dada Mkubwa akaisimamisha pasi yake wima juu ya meza.

"Kimya atakaa mapokezi," alisema. "Kazi ya kudumu. Siyo msaada, kazi. Na hakuna mashine itakayofunguliwa hata skrubu moja humu ndani bila chumba cha pasi kukubali."

"Dada, hilo la mapokezi nitaliangalia. Kuna mke wangu pale. Lazima kwanza nione gharama..."

Yule mwenye watoto wengi, aliyemzuia Dada Mkubwa getini, ndiye aliyesimamisha pasi ya pili. Hakumtazama Dada Mkubwa hata kidogo. Kisha ya tatu, kisha safu nzima, tak, tak, tak, mpaka mlio ukafika mwisho wa ukumbi. Mashuka mabichi yalikuwa juu ya meza, na nje gari la nyumba za wageni lilikuwa linapiga honi.

Bosi aliinua macho darini. Kila mtu alijua anafanya nini: alikuwa anakokotoa. Mashuka haya, gari lile, mteja yule, mshahara wa mtu mmoja wa mapokezi. Dada Mkubwa alimwacha akokotoe. Kwa mara ya kwanza hakumfokea, alisubiri tu, mikono kiunoni, kama mtu anayemngoja muuzaji arudishe chenji.

"Sawa," alisema Bosi.

"Sema kwa sauti."

"Nimesema sawa!"

Pasi zikarudi kazini.

Ndugu hao wawili hawajapatana. Wanazungumza ya kazi. Jumapili Dada Mkubwa haendi kwa mdogo wake, na wifi akileta chakula, hupokea, hushukuru, huosha vyombo na kuvirudisha vikiwa vitupu, jambo ambalo kila mwanamke anajua maana yake. Kimya alichukua muda kuzoea kuandika kwa kushoto. Herufi zake mwanzoni zilianguka kila upande. Lakini kitu kilifunguka kooni mwake siku ile ya rola na hakikufunga tena. Wenye nyumba za wageni walianza kumwogopa. Doa likija ambalo halikuwepo anawaonyesha, pindo likichanika anawauliza lilichanikia wapi, na asiyeridhika anaambiwa apange foleni upya. Hata ndani hakumsamehe mtu.

"Dada Mkubwa!" sauti yake ilisikika asubuhi moja mpaka chumba cha pasi, wanawake wakatazamana. "Shuka hili limekunjwa na nani? Njoo ulione mwenyewe!"

Dada Mkubwa aliweka pasi chini, akafunga aproni vizuri, akatoka amevimba, tayari kwa ugomvi.